Salamu ya Mayige Haijatoka

Bariadi,
14 Aprili 2003

Mwangaluka, baba.

Nakuamkia na kukuita baba kwa sababu unajua jina ulilobeba ni la nani. Wewe ni Luhaga, kama baba yangu mzazi. Hilo Novatus waachie watu wa kanisani na wa ofisini kwenu. Sisi huku ni wazima wote, hofu ni kwenu mnaokunywa maji ya kununua. Mvua ilitutisha ikataka kukatika, kisha ikajirudi, na pamba yangu ya Ngulyati inaweka vitumba. Mwambie mkeo Debora zile khanga zilifika na nilizivaa Jumapili ya Matawi, wanawake wakauliza mpaka nikaanza kujisikia. Goodness ameanza kutembea au bado anabebwa kama mkungu wa ndizi?

Sasa nije kwenye duka. Tangu Ushirika walipotupunguza kazi wapiga chapa, fotokopi ndiyo inayonilisha, na kompyuta yenye lile dishi la wafadhili juu ya paa ndiyo inayonipa heshima. Ule ukurasa wako wa Salamu watu wameupenda mno. Mtu anatoka kijijini, hana anwani ya barua pepe wala haitaki, anakaa kwenye benchi na kusema maneno yake. Mimi nayachapa, naweka anwani ya ndugu yake wa mbali, nabonyeza Tuma, na mashine yenu huko inampelekea. Jibu likija linaingia kwenye sanduku la duka, nami namsomea siku ya mnada. Nakueleza haya unayoyajua ili usije ukasema shangazi haelewi mashine.

Lakini tangu Machi majibu yamekauka. Mama Dorkasi alituma habari Arusha kwamba binti yake kajifungua, kimya. Mzee Bujiku wa Ngulyati aliuliza hali ya mwanawe, kimya. Kila nikibonyeza, ukurasa unanijibu kwa adabu zake, "Asante, salamu yako imetumwa." Sina la kuulaumu. Watu wameanza kunitazama mimi. Hebu angalia huko kwenu kuna nini.

Na jambo jingine, Luhaga. Kama kuna salamu uliyoipata mwezi Machi kutoka duka hili, ukaisoma ukanyamaza, fikiria tena. Siongezi neno maana nimeapishwa.

Usiniambie habari za simu. Mnara bado ni chuma tupu, na simu ya posta nilipiga ofisini kwenu nikaambiwa umetoka, nikapiga tena nikaambiwa umetoka. Kwenye sanduku la duka nako siandiki mambo ya ukoo, kwa sababu kioo cha kompyuta kinatazamana na benchi na siku hizi kila mtu amejua kusoma.

Mungu awalinde nyote.

Shangazi yako,
Nyanjige


Dar es Salaam,
2 Mei 2003

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeipata na tumeisoma pamoja na Debora, amecheka sana hapo kwenye khanga. Sisi ni wazima. Goodness anatembea, anashika kila waya ofisini nikienda naye, na akiiona picha yako anasema bibi ingawa hajawahi kukuona. Joto la huku limepungua kidogo baada ya mvua. Kazi zimejaa, kila mwenye duka siku hizi anataka ukurasa kwenye mtandao hata kama hana cha kuuza.

Kuhusu Salamu, nimefungua ukurasa mwenyewe, nikaandika neno la kujaribia, nikabonyeza Tuma, ukajibu imetumwa. Kwa hiyo programu ni nzima. Mwishoni mwa Februari kampuni iliyotupangishia nafasi ilihamisha kurasa zote kwenye mashine mpya, labda siku zile kulikuwa na uchelewaji. Kwa mengine, shangazi, nadhani tatizo ni watu wenyewe. Mtu akishakaa mjini anakuwa mvivu wa kujibu, utasema ametiwa gundi vidoleni. Waambie wateja wavute subira.

Nisalimie mama Dorkasi na mjukuu wake mpya. Msalimie mzee Bujiku, na Ng'washi wa mgahawani, mwambie chapati zake bado nazikumbuka. Na yule mbuzi wako mwenye pembe moja, kama bado yuko hai, naye msalimie.

Lile jingine uliloliandika mwishoni sikulielewa, na kama ni lile ninalolifikiri basi sitaki kulielewa. Niliambiwa neno, nikalisikia. Tusiligeuze.

Mwanao,
Luhaga


Bariadi,
25 Mei 2003

Luhaga,

Sisi wazima. Pamba imeanza kupasuka. Mengine yote nitayaruka leo.

Barua yako niliisoma nikaikunja, kisha nikaikunjua nikaisoma tena nikitafuta jina moja. Umemsalimia Ng'washi na chapati zake. Umemsalimia mpaka mbuzi. Baba yako mzazi, kaka yangu Mayige wa Mwamapalala, hukumtaja hata kwa bahati mbaya. Basi kiapo chenyewe nakivunja nusu, na Mungu atanielewa.

Mwezi Machi Mayige alikuja hapa dukani na mkokoteni wa ng'ombe, kaendeshwa na jirani yake Mahona. Alikuwa amevaa koti lake la arusi za watu. Akakaa kwenye benchi akangoja mpaka wote wakaondoka, hata waliokuja baada yake. Nilipomuuliza ana shida gani, akaniambia, "Nyanjige, mwandikie mtoto. Mwandikie salamu."

Wewe umekulia kwetu, sina haja ya kukufundisha. Mdogo ndiye anayeanza, mkubwa anaitika. Sijapata kumwona mzee wa boma letu akimwanza mtoto kwa salamu, na baba yako ndiye mkaidi kuliko wote waliotutangulia. Siku ile unaondoka alikuambia, "Anayekwenda kulinda mashine za watu asiniulize habari za ng'ombe wangu." Lilikuwa neno la hasira. Wewe ukalibeba mzimamzima, miaka mitatu hukumuuliza habari za ng'ombe wala za mwenyewe. Na yeye miaka hiyo mitatu alikuwa anakungoja uanze, maana hajui njia nyingine. Machi hii akachoka kungoja, akaanza yeye.

Nilichapa kila neno alilosema. Nikabonyeza. Ukurasa ukashukuru, akaniambia nimsomee hizo shukrani, nikamsomea. Akavua kofia akaikunja. Akaniapisha nisikwambie lolote, akasema, "Kama ataitika, aitike mwenyewe. Asisukumwe."

Tangu hapo kila siku ya mnada anamtuma Mahona kuniuliza kama umeitika. Namjibu bado. Wiki iliyopita Mahona alikuja, akanywa maji, akaondoka bila kuuliza.

Nimekasirika nawe, Luhaga. Hata mtu mnayegombea naye mpaka wa shamba, akikusalimia unaitika kwanza ndipo mnagombana. Mimi nilikulea likizo zako zote, nikakulipia na ile kozi ya kompyuta, na sikujua kwamba nalea mtu wa namna hii.

Nyanjige


Dar es Salaam,
11 Juni 2003

Shikamoo shangazi,

Sisi hatujambo. Shangazi, sikuipata. Naapa kwa mtoto wangu sikuipata. Hiyo salamu haikunifikia wala haikumfikia mtu yeyote, na sababu ni mimi.

Barua yako ilinikuta kazini. Nilifunga mlango nikaanza kujaribu kama nilivyotakiwa kujaribu mwezi uliopita. Mara ile niliridhika ukurasa uliposema imetumwa. Safari hii nilijitumia salamu mwenyewe, kwenye anwani yangu, nikangoja. Ukurasa ukashukuru vizuri. Mpaka jioni sanduku langu lilikuwa tupu.

Ndipo nikaifungua programu yenyewe na kuusoma mstari mmoja ambao nilikuwa nimeusahau. Unamkumbuka mzee Bujiku mwaka juzi? Mtandao ulikuwa mbovu, yakatokea maneno mekundu ya Kiingereza, akakuuliza yanasemaje, ukamwambia imekataa. Akaenda zake Ngulyati akiamini mwanawe kaikataa salamu yake, akasusa duka muda mrefu. Wewe ukaniandikia kwamba kwetu salamu haikataliwi mlangoni, niyaondoe maneno yale, watu wazima wasifedheheshwe. Nikaona ni kweli. Nikaiambia programu kwamba ikishindwa inyamaze, na mwisho wa yote iseme asante. Kwa hiyo imetumwa au haikutumwa, yenyewe ni asante tu. Ndiyo imekuwa ikiwashukuru watu wote hao tangu Machi, na baba akiwa mmoja wao.

Niliifungua mdomo. Ikasema imeshindwa kuunganika na seva ya barua, imengoja, muda umekwisha.

Nikueleze maana najua utauliza. Programu yetu haibebi barua yenyewe. Inakwenda kubisha hodi kwenye seva ya barua, mashine nyingine kabisa, kwenye mlango namba ishirini na tano, na seva ndiyo inayosambaza. Kwanza nikafikiri seva imekufa. Nikabisha kwa mkono kutoka kompyuta yangu ya ofisini, ikaitika palepale na kutaja jina lake. Nikaingia kwenye ile mashine mpya tulikohamishiwa ukurasa wetu, nikabisha mlango uleule kutoka humo. Kimya. Afadhali ingenikatalia, kwa sababu kukataa nako ni jibu, unajua angalau kuna mtu ndani. Ilikuwa kimya mpaka subira ikaisha. Nikajaribu seva za watu wengine, mbili, kimya vilevile. Kwa hiyo wapokeaji hawana kosa, na Bariadi hamna kosa. Kuna aliyefunga njia hapa tunapotokea, wakati ule wa kuhama. Nimeiandikia kampuni kuuliza, bado hawajajibu.

Na salamu zenyewe hazipo tena. Ulitaka nisiweke maneno ya watu kwenye mashine, nami sikuyaweka. Zimepotea zote.

Shangazi, alisema nini? Wewe ndiye uliyechapa. Niandikie alichosema.

Luhaga


Bariadi,
1 Julai 2003

Mwangaluka, baba.

Nilikuwa nimeanza barua hii kwa kuandika sisi ni wazima wote, nikaichana. Karatasi unayoisoma ni ya pili.

Kaka yangu ni mgonjwa. Anaumwa tangu Januari. Miguu inavimba, hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta na mito. Tulimpeleka hospitali ya wilaya wakasema ni moyo, wakampa vidonge, anavimeza akikumbuka na mara nyingi hakumbuki. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimeficha kwa barua mbili nzima. Nilikuandikia wazima wote mwezi wa nne na wa tano, huku nimetoka kumkanda miguu. Hakuna aliyenilazimisha, ndivyo tunavyoandika, mkono wenyewe unajua njia. Niliposoma habari za ukurasa wako unaosema asante huku haujapeleka kitu, nilicheka peke yangu, kisha nikakosa raha siku nzima. Mimi na huo ukurasa tumelelewa nyumba moja.

Hasira yangu ya mwezi wa tano nimeimeza. Nisamehe pale nilipokuumiza, ila si pote, kwa maana miaka mitatu ni mingi hata bila mashine.

Wateja nimewaita mmoja mmoja kuwaambia ukweli. Mama Dorkasi alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema basi aandike upya kwamba mtoto sasa anakaa mwenyewe. Wapo walionuna. Mzee Bujiku aliposikia akasema yale maneno mekundu hayakuwa na adabu, lakini angalau hayakuwa na uongo. Kwa hiyo yarudishe. Kosa la kuyaondoa ni langu pamoja nawe. Yarudishe kwa Kiswahili, mtu ajue, na sitaki rangi nyekundu.

Unaniuliza baba yako alisema nini. Nakumbuka yote, hayakuwa mengi. Siyaandiki. Ni maneno yake, yalikuwa yanatoka kwake kwenda kwako, mimi nilikuwa vidole tu. Nikikuandikia nitakuwa nimemvua nguo kaka yangu.

Yeye mwenyewe sijamwambia kwamba salamu yake haikutoka. Nimeshindwa. Nitamwambiaje kwamba aliinama mbele yangu akamwanza mtoto, akafedheheka miezi yote hii, na kumbe alikuwa anauinamia ukuta? Na hawezi kurudia. Mtu wa aina yake anainama mara moja. Naogopa nikimwambia atageuza uso kwenye huo ukuta wa mito asigeuke tena.

Msimu wa pamba umefunguliwa, wanunuzi ni wengi na kila mmoja ana mizani yake. Nakuombea. Mbusu Goodness.

Shangazi yako,
Nyanjige


Dar es Salaam,
20 Julai 2003

Shikamoo shangazi,

Leo nami nitasema mambo yalivyo. Debora hajambo. Goodness alikuwa na homa, imepita. Mimi nimelia, shangazi, mezani, Debora akaniondolea sahani.

Nikumalizie kwanza habari ya mashine, maana bila hiyo lile la pili halifiki. Kampuni walijibu baada ya kuwakumbusha na kuwakumbusha. Wanasema kuna matapeli waliokuwa wanapangisha nafasi kwao na kumwaga barua za takataka duniani kote, ndiyo maana kwenye mashine mpya walifunga mlango wa ishirini na tano kwa kila mtu. Anayetaka kutuma apite kwenye seva yao wenyewe, mlango mwingine namba mia tano themanini na saba, ajitaje jina na neno la siri. Walisema walitutangazia. Tangazo sikuliona.

Nikabadilisha, nikajitaja kwa jina la duka lako. Mlango ukafunguka mara ya kwanza nilipobisha, nikapiga meza kwa furaha. Lakini barua ikarudishwa. Seva ikasema mtumaji huyu simjui. Ilinichukua muda kuelewa, na ukinisikia utacheka. Nilipoitengeneza Salamu sikutaka mzee aonekane ametumiwa jina la duka. Nikaipa programu kazi ya kumtungia kila mtu anwani yake kutokana na jina lake, ili barua ya Bujiku ionekane imetoka kwa Bujiku mwenyewe, ingawa majibu yote yanarudi sanduku la duka. Zamani hakuna aliyeuliza. Seva hii inauliza. Imemfungulia mlango Nyanjige, inashangaa aliyeingia anasema yeye ni Bujiku. Sasa kila barua inajitaja imetoka duka la Nyanjige, na mstari wa kwanza ndani unasema imesemwa na fulani wa mahali fulani. Ndivyo mjumbe anavyoingia kwenye boma la watu, anajitaja yeye kwanza, kisha anataja aliyemtuma. Kumbe ningefuata ya kwetu tangu mwanzo.

Nimejitumia salamu, ikafika kabla sijainuka. Nimewatumia rafiki zangu wawili, wakajibu. Ukurasa sasa unasema Imetoka ikiwa imetoka kweli. Ikishindwa unasema, "Haijatoka. Jaribu tena." Nimeweka wino mweusi kama ulivyotaka.

Sasa la pili. Nimemwandikia baba salamu kwa ukurasa huohuo, imekwenda kwenye sanduku la duka lako. Kwa makusudi sikuiweka kwenye bahasha hii. Wasomaji wa benchi wakiiona, waione. Sikumtajia kabisa ile ya kwake ya Machi. Kama hujamwambia, mimi si wa kumwambia. Nimeanza tu kama mtoto anavyoanza.

Naogopa kuliko nilivyoogopa siku nyingi. Hapo kwenye mashine ukibisha usijibiwe unajua la kufanya, unajaribu mlango mwingine. Baba hana mlango mwingine. Nimeomba likizo, nimepewa mwisho wa Agosti. Niambie kweli, shangazi, nisiandikiwe kwa adabu. Mwisho wa Agosti ni mbali?

Luhaga


Bariadi,
9 Agosti 2003

Mwangaluka, baba.

Mimi mzima, ila mgongo. Mbuzi amekufa. Mama Dorkasi na mjukuu wake wazima. Baba yako hajambo kidogo kuliko Julai, lakini miguu bado, na pumzi anaihesabu. Hivyo ndivyo tulivyo, na kila barua yangu kuanzia leo itaanza hivi.

Salamu yako ilifika mbele ya bahasha yako kwa siku nyingi. Nilikuwa na watu kwenye benchi na wote waliisoma kabla yangu. Nikaichapisha, nikafunga duka mchana, Mahona akanipakia kwenye baiskeli mpaka Mwamapalala, na uzito wangu unaujua.

Nilimkuta kakaa nje, kaegemea ghala. Nikamsomea. "Mwangaluka, baba. Ni mimi Luhaga. Habari za ng'ombe?" Hapo ndipo ilipoishia. Nilidhani atasema kitu kuhusu hao ng'ombe aliokukataza. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

Kisha akauliza, kwa nini umeitika sasa wakati yeye alisalimia Machi. Hapo nikaona sina pa kukimbilia. Nikamwambia yote, njia iliyofungwa, ukurasa unaoshukuru, mimi niliyetaka maneno mekundu yaondolewe. Nikamwambia mtoto hakupata kitu, kaka, na anachokuandikia hapa si jibu. Nililia kidogo.

Alichora chini kwa fimbo. Akasema, "Basi yangu haikutoka."

Nikasema haikutoka, kaka.

"Kwa hiyo mtoto ndiye aliyeanza."

Sikuwa nimelifikiria hivyo, Luhaga. Miezi yote nilikuwa nalia kwamba salamu yake imepotea, na kumbe kwa kupotea kwake hakuna aliyemwona kainama, isipokuwa mimi, na mimi ni dada yake. Wewe umeanza bila kupata hata neno lake moja. Uso wake ulifunguka. Akasema nimwambie Mahona afunge ng'ombe kwenye mkokoteni, maana mtoto akisalimia anaitikiwa, na mtu hatumi mwingine kuitika.

Nilimkatalia kwa ajili ya ugonjwa, tukavutana karibu wiki tatu, akanishinda. Leo asubuhi wamemleta kwa mwendo wa taratibu, kalazwa juu ya godoro na koti lake la arusi amelivaa. Ni siku ya mnada, benchi lilikuwa limejaa. Safari hii hakungoja watu waondoke. Alisema maneno yake kwa sauti, mbele yao wote, na sehemu kubwa ilikuwa habari za ng'ombe, yupi kazaa, yupi kafa, yule mweupe mwenye madoa uliyekuwa unamchunga amekuwa mzee na hachungiki. Watu wa benchi wakawa wanamkumbusha pale alipopitiwa.

Nikabonyeza Tuma. Mtandao leo ni mzito. Ukurasa ukasema, "Haijatoka. Jaribu tena."

Nakiri mdomo ulitaka kumwambia imekwenda, kaka, nenda kapumzike. Nikamsomea kama ilivyoandikwa. Benchi lote likamgeukia. Yeye akasema, "Sawa. Nipe kiti chenye mgongo. Tutakaa hapa mpaka itoke."

Ndipo ninapokuandikia sasa hivi, yeye yuko kwenye kiti pembeni yangu, miguu tumempandishia juu ya boksi la karatasi. Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi la kesho. Ameniuliza naandika nini, nikamjibu naandika kwamba anaumwa. Akasema andika. Hivyo mwisho wa Agosti ni mbali, baba, kwa kuwa umeniuliza nikujibu kweli. Waambie kazini wakupe sasa. Njoo na Debora, njoo na mtoto.

Yale ya Machi hajarudia, na nadhani anakuwekea uso kwa uso. Ila nitakwambia neno moja tu la mwanzo, la pili sitalisema hata kwa fimbo. Tangu mgombane alikuwa anakutaja kwa Novatus, kama mtu wa ofisi. Machi alipokaa kwenye benchi lile, neno la kwanza alilonichapisha lilikuwa Baba.

Sasa ananiuliza tena kama imetoka. Namwambia bado, anasema sawa.

Shangazi yako,
Nyanjige